Maneno Aliyosomeshwa Kheiria

Harufu ya marashi ya waridi ilianza kutoka kwenye kiyoyozi, mchana kweupe, watu ndiyo kwanza wametoka kusali adhuhuri. Kheiria alifungua kabati la marehemu bibi yake kuhakikisha. Chetezo kilikuwa baridi, mrashi mkavu.

"Kaka, unasikia harufu?" aliuliza.

Marhoon alikuwa mezani na kompyuta yake, wala hakuinua macho. "Nyumba ya watu wazima hii. Itakosaje kunukia?"

Basi huyo ndiye Marhoon, fahari ya ukoo mzima, mtoto wa mtaa wa Ansab, huku Uarabuni, aliyekwenda Hollywood kuandika filamu za mapigano. Magari yanaruka madaraja, helikopta zinalipuka, na shujaa hachaniki hata shati. Alisota sana huko, akiwachukulia wenzake kahawa, halafu ghafla, mwaka ule Bibi alipoanza kuugua, mambo yakamfungukia, ikawa filamu juu ya filamu. Watu wakasema mashaallah, kijana ana bahati. Bahati! Ngojeni kwanza.

Bibi yao, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na ruhani, jini wa ukoo, akimpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Mtu wa namna hiyo huitwa kiti. Kheiria ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, akaona jini yule anavyomaliza maisha ya mtu: Bibi avae nyeupe tu, asionje samaki, asiguswe na mume, hata mume mwenyewe akachoka, akaenda zake. Siku ya maziko Kheiria alilia kwa hofu zaidi kuliko kwa msiba, maana jini wa ukoo hurithiwa. Marhoon akamshika mkono. "Usiogope, mdogo wangu. Mie ndiye mkubwa. Mzigo huu ni wangu." Maneno hayo Kheiria aliyaweka moyoni, akapata kupumua. Akamkubali Hisham, mwanamume mpole, mhandisi wa maji, na ndoa ilikuwa mwezi ujao.

"Njoo unisomee," Marhoon alisema mchana ule. "Sehemu ya mwanamke."

Ilikuwa desturi yao. Marhoon haamini mazungumzo ya filamu mpaka ayasikie kinywani mwa mtu, na tangu utotoni kinywa hicho kilikuwa cha Kheiria. Hata akiwa Amerika alimpigia simu amsomee. Kheiria alijivunia jambo hilo, masikini.

"Mbona ya Kiswahili leo?"

"Mwanamke katoka Unguja. Majambazi wameizunguka nyumba yake."

Kheiria alisoma, akacheka. "'Aliyechokwa na mwenziwe na aje kwangu. Nimefungua mlango, kiti hiki ni chako.' Majambazi wako nje, naye anakaribisha wageni? Kaka weye!"

"Usicheke. Soma kwa moyo."

Akasoma kwa moyo. Kiyoyozi kikazima. Marhoon akafunga kompyuta polepole, akajinyoosha kwenye kochi na kulala palepale, akikoroma, yeye ambaye tangu afike kutoka Amerika hakuna aliyemwona amefumba jicho.

Alasiri Kheiria alishindwa kula. Harufu ya samaki ilimtapisha, na alipokwenda kunawa uso alijikuta amevaa gauni jeupe la Bibi, ambalo hakumbuki kulitoa sandukuni. Hisham akagonga, kaleta halwa. Kheiria alitaka kusema karibu, na badala yake ikatoka kooni mwake sauti nzito ya kiume, tulivu, ya mtu aliye kwake, nayo ikasema, "Rudi ulikotoka. Huyu ana mwenyewe." Sahani ya halwa ikaanguka mlangoni.

Maalim Khattab aliletwa kutoka mji wa Quriyat. Alisoma, akafukiza udi, akanong'ona, "Nani kakuleta kwa binti huyu?"

"Nimepewa," ilisema ile sauti. "Kaka mtu alinipokea kwa bibi yake kwa hiari. Nikampa filamu. Sasa kanichoka, kanipa nduguye kwa maneno aliyomsomesha."

Kheiria aliyasikia hayo yakipita kwenye ulimi wake mwenyewe, akataka kuyazuia asiweze, akataka kuamini kwamba jini anasema uongo maana majini husema uongo, akamtafuta kaka yake kwa macho amwone akikasirika, akikana, akiapa kwa Mungu, na Marhoon alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kaka?" Sasa ilikuwa sauti yake.

"Nlikuwa silali, Kheiria. Huyu hamwachi mtu alale. Hujui."

"Kwa hiyo mie ndiyo usingizi wako?"



"Njia ipo," alisema Maalim. "Aliyetolewa kwa maneno hurudi kwa maneno. Yasome mwenyewe, Marhoon, kwa sauti, mbele ya nduguyo. Atakurudia weye."

Marhoon aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, na Kheiria, lo, akamwonea huruma. "Ngojeni nitie udhu," alisema.

Wakangoja. Maji yalisikika yakitiririka bafuni, yakaendelea kutiririka, udhu gani huo usiokwisha, mpaka Kheiria akainuka kwenda kutazama, akakuta mfereji umeachwa wazi, maji yanakwenda, dirisha wazi, na geti la nje linabembea. Alikuwa ameshaondoka na teksi.

Hisham alirudishiwa pete yake. Alisema atasubiri, Kheiria akamwambia asijisumbue.

Baada ya miezi kadhaa Marhoon alipiga simu, analia. "Mdogo wangu, tangu nitoke huko sipati hata mstari mmoja. Nalala, ndiyo, lakini kichwa kitupu. Wenye studio wananifukuza. Mwombe anisaidie kidogo tu. Wewe baki naye, mie anipe hadithi tu."

Kheiria alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bibi, katika nguo nyeupe. Alishangaa kwamba bado ana kipande cha moyo cha kuumia.

"Maneno unayo, kaka," alisema. "Yasome tu. Mie nasikiliza."

Alisubiri. Alisikia pumzi za kaka yake, alisikia karatasi ikifunuliwa, na kwa kitambo kidogo aliamini kweli, kama alivyoamini siku ya maziko. Halafu simu ikakatwa.

Marashi ya waridi yakajaa chumbani.

"Nlikwambia," ilisema sauti ya kiume kooni mwake, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mkewe. "Huyu hasomi."