Samli Niliyomtilia Mume Wangu kwa Siri

Nina miaka arobaini na mmoja, mjane, mwenyeji wa Garissa. Ninayoyaeleza hapa sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa Kisomali, nilikuwa mke wa Abdi, mfugaji. Serikali ilituhamishia kwenye kijiji cha ulinzi, tukazungushiwa seng'enge. Ngamia wetu wakachukuliwa. Mtu aliyezoea kutembea kutwa nyuma ya mifugo sasa alikaa tu mlangoni, asubuhi mpaka magharibi...

Mimi niliendelea kumlisha kama zamani. Samli kwenye chai, samli kwenye ugali, nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukausha, inayoelea kwenye mafuta. Kwetu, mke anayembania mumewe samli husengenywa kisimani. Kaka yangu wa Modogashe aliniletea debe kwa lori, nami nikajiona mke hodari kweli.

Abdi akanenepa. Akaanza kuhema, kifua kikawa kinambana. Daktari wa zahanati, mtu wa bara aliyeletwa na serikali, akaniambia nipunguze samli na mafuta ya mkia wa kondoo, kwani mgonjwa hatembei tena. Nilimjibu kwa hasira, kwa Kiswahili changu cha lafudhi ya Kisomali, "Ngamia yetu mmechukua. Sasa hata samli tubunguze?"

Abdi mwenyewe alikubali. Akaniomba nisimtilie tena. Nikasema sawa... kumbe namtilia kwenye uji wa mtama, nakoroga mpaka isionekane. Niliona kumnyima ni kuisaidia serikali kummaliza. Ujinga gani huo?

Mchana mmoja alionja uji, akanitazama.

"Mama Sahra, najua umetia," alisema kwa upole. "Nakunywa kwa sababu unanionea huruma."

Akamaliza bakuli lote. Alasiri, akitawadha, kifua kilimbana akaanguka. Alikata roho mikononi mwangu.

Je, aliuawa na samli, au na huzuni ya ngamia wake? Wallahi sijui. Ninachojua ni kwamba aliniomba jambo moja tu, nami nikamdanganya.

Wenzangu, nawasihi. Mgonjwa wako akikatazwa mafuta, mpunguzie, hata kama roho inakuuma. Hasira zako na serikali usimpakulie yeye kwenye bakuli.

Ndugu zake wakija kunitembelea hunisifu mbele ya watu. Husema nilimtunza Abdi, kwamba hata ndani ya seng'enge hakukosa samli. Nami huinamisha kichwa, nikawamiminia chai...