Miwani ya Bi Ashatu

Steshenari ya karibu na stendi ya Bagamoyo ilikuwa imefurika hadi barazani. Ulikuwa msimu wa maombi ya vyuo: huyu anaskani cheti cha kuzaliwa, yule anataka picha yake ipunguzwe ili mtandao uikubali, mwingine kasahau nywila na anamgombeza mwenye duka. Katikati yao alisimama Mwanvita, mwalimu wa malezi kutoka sekondari moja ya Zinga, gauni lake la kitenge cha zambarau limenyooshwa vizuri, mtandio mweusi, bahasha kaikumbatia kifuani. Kwa jinsi alivyonuna, ungedhani kaja kufungua kesi.

"Dada mwenye bahasha, leta tuone," alisema mwenye duka bila kuinua kichwa.

Alipoinua, karatasi alizoshika zilimponyoka. Alimtazama Mwanvita kama mtu anayetaka kuomba radhi na bado hajaulizwa kosa. Kisha akaweka ngumi mdomoni, akakohoa mara mbili, taratibu. Kho, kho.

Mwanvita alisisimka mwili mzima. Mama yake, Bi Ashatu, aliyezikwa miezi saba nyuma, alikuwa akikohoa hivyohivyo kila alipotaka kusema jambo.

"Uzamili wa saikolojia," mwanamume yule alisoma kwenye fomu. "Kumbe nimepata daktari wa vichwa. Utaanza na changu?"

"Kichwa chako kina nini?"

"Kina watu wengi."

Mwanvita akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na yeye mwenyewe kilimshangaza.

Jina lake Mikdad, Mzigua wa Mkange, miaka thelathini na miwili, mrefu, shati la mikono mifupi lenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa akichechemea kidogo mguu wa kushoto.

"Mzigua? Basi u mtani wangu," Mwanvita alisema. "Mimi Mzaramo."

Mikdad hakurudisha utani. "Naam," alijibu polepole. "Sisi watani."

Mambo ya moyo hayasubiri barua ya udahili. Wiki haikupita wakawa wanapigiana simu asubuhi kabla ya kengele ya shule, mchana wakati wa mapumziko, na jioni tena kana kwamba mchana hawakusemezana. Fomu nzima ilikuwa imejazwa, vyeti vimepandishwa, walimu wake wawili wa zamani wameshatuma barua za kumdhamini. Ulibaki ukurasa mmoja tu: Eleza kwa maneno mia tano kwa nini unataka kusoma saikolojia. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni.

"Umeandika, mpenzi?"

"Nimeandika. 'Napenda kuisaidia jamii yangu.'"

"Hiyo nimeiprinti mara arobaini wiki hii. Andika ya kweli."

Ya kweli ndiyo iliyomtisha. Siku ya matanga, watani waliingia uani kwao kwa kelele na vituko, kama ilivyo ada. Mmoja wao alikuwa kavaa vitu vya marehemu: gauni lake, khanga kajifunika hadi kwenye paji la uso, na miwani yake iliyofungwa uzi wa kijani kwenye mkono uliovunjika. Akaja akiburuta mguu wa kushoto kama marehemu, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akakohoa mara mbili, akasema: "Chiriku wangu, mbona hujala?" Waombolezaji waliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mwanvita hakucheka. Alimwona mama yake, mzima kabisa, na akafurahi mno. Halafu akaanguka. Alipozinduka, watu wanampepea na mtani hayupo. Tangu hapo alitaka kujua ni kitu gani kilipita kichwani mwake dakika ile, na kwa siri alitaka dakika hiyo irudi. Mambo kama hayo utayaandikaje kwa maprofesa?

Jumapili moja waliketi barazani pa duka wakila machungwa. Mikdad alilimenya lake kwa utepe mmoja usiokatika, kisha akawa anatoa mbegu na kuzipanga juu ya goti lake, mojamoja. Mwanvita akaacha kutafuna.

"Nani alikufundisha kupanga mbegu?"

Mikdad akalitazama goti lake kama la mtu mwingine. "Sijui," alisema, akazipangusa haraka.

Mama yake ndivyo alivyokuwa akifanya. Lakini Mwanvita hakuondoka. Tena alisogea karibu zaidi, akaegemeza kichwa begani kwake, na akajisikia yuko nyumbani. Alimpenda, hilo halina ubishi. Kilichomtia hofu ni kwamba hakuwa na hakika anampenda nani.

Jumatano iliyofuata simu iliita wakati wa mapumziko. Ilikuwa namba ya Mikdad. Kwanza kho, kho, kisha sauti nyembamba ya mwanamke mtu mzima: "Chiriku wangu, umekula?"

Jina hilo la kubembelezwa na mama yake hakuwahi kumtajia Mikdad.

Mwanvita aliomba ruhusa, akaenda moja kwa moja dukani. Mikdad alikuwa nyuma akihangaika na mashine iliyokwama. Mwanvita hakusalimia. Alivuta droo ya meza bila kujua anatafuta nini, na humo, kati ya pini na wino, akaikuta miwani yenye uzi wa kijani.

"Hii umeipata wapi?"

"Vita, kaa kwanza."

"Sikai! Ni wewe?"

"Ni mimi," Mikdad alisema. "Mjomba wako Mwinshehe alituita. Ulipoanguka watu walikurupuka, nikavua nguo nikaziacha kambani. Miwani niliisahau usoni. Nilishtukia niko nayo huku Bagamoyo."

"Na siku zote hizi unaniigizia mama yangu ili nikupende?"

"Naapa sijui ninachofanya. Machungwa mie siyapendi, Vita. Nimeanza kuyala tangu siku ile. Mguu unaniuma, hospitali wameupiga picha hawaoni kitu. Nilitaka kukwambia siku ya kwanza, ukacheka, nikaogopa usije ukaacha kucheka."

"Muongo mkubwa! Jina la chiriku nani alikwambia?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza. Siku ya matanga niliambiwa nikuite Mwanvita. Jina la chiriku lilitoka mdomoni lenyewe."

Mwanvita alimtupia kifuani bahasha yake tupu iliyobaki mezani tangu siku ya kwanza, akatoka huku analia, na watu kwenye foleni wakampisha.

Siku nane hawakusemezana. Mikdad alipiga, hakupokelewa. Alhamisi, siku moja kabla fomu haijafungwa, Mwanvita akaenda kwa mjomba wake Mwinshehe kumlaumu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Akamweleza yote: kikohozi, mbegu, mguu, simu. Alitegemea mzee atamcheka. Mzee Mwinshehe aliweka kikombe chini.

"Nani alimvua?"

"Alijivua mwenyewe."

"Nguo ndiyo alijivua. Lakini kwetu, aliyemvaa marehemu huvuliwa na mtoto wa marehemu kwa mkono wake. Maji usoni, chumvi ulimini, aitwe kwa jina lake na la baba yake. Wewe ulikuwa chini, na sisi sote tukawa na wewe. Tumemsahau mtoto wa watu, ametoka hapa na Ashatu yumo ndani yake."

"Akivuliwa, mama atakwenda wapi?"

"Aliko."

"Na sauti yake?"

Mzee akakichukua tena kikombe chake.

Basi nisikufiche, Mwanvita alilifikiria. Angeweza kunyamaza, akaolewa na Mikdad, na maisha yake yote nyumbani mwake kukawa na mtu wa kukohoa mara mbili na kumuuliza kama amekula. Nani angejua? Lakini akaukumbuka ule mguu, na vile alivyolitazama goti lake mwenyewe kwa woga. Mtu alikuwa anapotea kidogokidogo, na ndiye mtu aliyemchekesha. Akachukua simu.

"Njoo nyumbani kwa mama, Zinga, kesho baada ya swala ya Ijumaa. Uje na miwani. Na kompyuta yako, fomu inafungwa saa kumi."

"Vita, nisamehe..."

"Njoo tu."

"Umekula?" sauti ikauliza, na haikuwa ya Mikdad.

"Nimekula, mama," akajibu. Alikata simu, akalia kama siku ya mazishi.

Mikdad alifika na kanzu nyeupe, begi la kompyuta begani, miwani tayari usoni ingawa hakuna aliyemwambia aivae. Hakukaribishwa kiti, alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kile cha Bi Ashatu, mgongo kauinamisha kidogo. Mchana ulikuwa mweupe, jua kali, na bado Mwanvita aliona baridi mikononi. Mjomba alisimama mlangoni na bakuli la maji na kisahani cha chumvi.

"Mama," Mwanvita alisema.

"Sema, chiriku."

"Nimeomba chuo. Nataka kusoma mambo ya watu wanaofiwa."

Kho, kho. "Vizuri. Nenda. Usigeuke nyuma, ukigeuka utaniona."

Maneno hayo Bi Ashatu alikuwa akimwambia binti yake mlangoni hapo kila asubuhi alipokuwa darasa la kwanza, ili mtoto asilie njiani. Mwanvita aliusogelea uso ule, akautazama hadi akaushiba. Kisha akaivua miwani kwa mikono yake miwili. Akamwosha uso. Akamtia chumvi ulimini.

"Mikdad wa Abdulwahab," akaita. "Mikdad wa Abdulwahab. Mikdad wa Abdulwahab, toka."

Mwanamume alitetemeka, akatema, akafumbua macho.

"Loo! Chumvi yote hii!" akasema, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha kukwaruza, ambacho Mwanvita hajawahi kukisikia.

Mwanvita alimtazama kama mgeni. "Wewe nani?"

"Mikdad. Nina duka la steshenari. Machungwa siyapendi hata kidogo." Akanyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena. "Na wewe nakupenda. Hilo halikuwa la mama yako."

Mwanvita alicheka na machozi yakimtiririka. Sauti ya mama yake ilikuwa imekwenda, na aliijua hasara hiyo hadi kwenye mifupa. Lakini saa ilikuwa tisa na robo. Mjomba akaondoka kwenda msikitini kwa swala ya alasiri. Mwanvita akafungua kompyuta barazani, akafuta kuisaidia jamii, akaandika: Siku ya matanga ya mama yangu nilimwona yu hai, na nilifurahi. Nataka kujua furaha ile ilitoka wapi, ili niweze kukaa na wengine walioiona. Maneno mengine yakaja yenyewe. Saa kumi kasoro dakika tisa akabonyeza. Maombi yako yamepokelewa.

"Ukienda Dar nitakufuata kila mwisho wa juma," Mikdad alisema. "Na leo mjomba akirudi nataka niseme naye. Nikuoe mie, peke yangu."

"Ukiwa peke yako nitakubali. Ila unitongoze upya. Aliyenitongoza mwanzo nusu yake keshaondoka."

"Nitaanza leo, mpaka uchoke."

Wakaiacha miwani juu ya kiti, wakafunga nyumba kwa kufuli, wakashika njia ya msikitini kumpokea mjomba. Hawakwenda hatua kumi. Nyuma yao, ndani ya nyumba iliyofungwa, mtu alikohoa mara mbili.

Mikdad alimshika mkono kwa nguvu. "Vita. Si mimi."

"Najua."

Shingo ilimvuta igeuke, ikamvuta hasa. Mwanvita aliukaza mkono wa Mikdad, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nimekula, mama," akasema, akaendelea kutembea mbele.