Insha ya Mihayo

Maiti ya Mihayo ilikutwa asubuhi chini ya mnara wa tenki la maji, kwenye chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wanafunzi waliokwenda kuchota maji ndio walioiona. Walimwambia mlinzi, kisha wakaenda zao kunywa chai.

Hilo la chai lilimkera Inspekta Rhoda Marwa kuliko maiti yenyewe. Maiti alishazizoea. Lakini kijana wa watu afe, wenzake waendelee na chapati? Akauliza kulikoni, akajibiwa kwamba marehemu alikuwa mwizi.

"Mwizi wa nini?"

"Wa insha," alisema Mwalimu Mwita, mkuu wa taaluma. "Alinakili kazi ya Donatus, mkufunzi msaidizi wetu, neno kwa neno, wala hakumtaja popote. Leo kamati ilikuwa inamfukuza. Amejirusha kwa aibu, afande. Hapa hakuna cha kupeleleza."

Rhoda hakupenda kufundishwa kazi. Alichuchumaa, akavigeuza viganja vya marehemu. Vilikuwa vimechubuka na kujaa kutu ya reli ya mnara. Kucha mbili zilikatika, na chini ya zilizobaki kulikuwa na ngozi ya mtu. Anayejirusha kwa hiari yake haning'inii kwenye chuma mpaka kucha zikatike. Akaamuru sampuli zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mwili ufanyiwe uchunguzi.

Lakini maneno ya chuo yalishamtangulia kufika Didia, kijijini kwa marehemu. Baada ya uchunguzi Mihayo alizikwa huko kimyakimya, na wazee wa ukoo wakakataa matanga, kwamba aliyejiua haliliwi. Rhoda alimkuta mama wa marehemu amekaa nje ya nyumba peke yake, macho makavu, majirani wakipita njiani kama hawamjui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli aliiba?"

"Bado sijajua."

"Ukijua unipigie. Wamenikataza kumlilia."

Rhoda aliondoka. Yeye alimzika mumewe kwao Tarime, kisha akahamishiwa huku asikokuwa na ndugu wala jirani wa kumgongea mlango. Upweke aliujua vizuri. Lakini angalau yeye aliachwa alie.

Ofisini alizisoma insha zote mbili. Zilikuwa pacha. Ya Donatus ilikabidhiwa mwaka jana na kumpatia kazi pale pale chuoni. Mwaka huo huo Mihayo alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akaahirisha masomo, na ya kwake akaikabidhi mwaka huu. Kompyuta ya chuo ikaona zinafanana, ikamhesabu mwizi yule aliyechelewa.

Insha ilihusu wajane wa Nyarugusu, kule Geita, ambao waume zao walifukiwa kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Kila mjane alitajwa kwa jina na alichosema, kama taratibu za uandishi zinavyotaka. Rhoda akajiuliza: kama vyanzo vimetajwa na vipo hai, mbona hakuna aliyekwenda kuviuliza? Akawasha gari.

Mama Salome, aliyenukuliwa kuliko wote, alikuwa anaponda mawe kwa nyundo. Alikuwa na mkono mmoja tu. Rhoda akamwonyesha picha mbili kwenye simu.

Hakusita. Ni huyu mwembamba wa kikohozi, alisema. Alikaa nao, akaponda mawe nao, na kila jina aliliombea ruhusa kabla ya kuliandika. Habari ya mkono wake, mama huyo alimwomba asiiandike, naye kijana akaiacha. Huyo mwingine hajawahi kumtia machoni.

"Nikamwambia jina langu andika tu," alisema. "Tangu mume wangu afukiwe, hakuna aliyeniuliza jina. Naitwa mjane, basi."

Kisha akauliza kama kijana hajambo. Rhoda akamweleza. Mama Salome akaiweka nyundo chini, akalia, na wenzake wakaja wakalia naye. Hao ndio watu wa kwanza kumlilia Mihayo.

Donatus aliletwa kituoni amevaa shati la mikono mirefu, siku ambayo jua la Shinyanga lilikuwa halina huruma. Rhoda akampa onyo la kisheria, kwamba anaweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Utafiti ulifanyia wapi?"

"Nyarugusu, afande."

"Mama Salome ulimhoji mwenyewe?"

"Ndiyo. Siku nzima."

"Alikuwa anaponda mawe kwa mkono upi?"

"Wa kulia, nadhani."

"Hana mkono wa kulia, Donatus. Kunja mikono ya shati."

Hakukunja. Rhoda akamkunjia mwenyewe. Mikwaruzo minne ilishuka hadi kifundoni, imeanza kukauka.

Yakamtoka yote. Mihayo alimpa insha aisome tu, siku anakwenda kulazwa. Yeye hakuwa ameandika hata mstari, akaweka jina lake juu.

"Nilijua atakufa, afande. Kila mtu alijua."

"Akapona."

"Akapona." Donatus akauficha uso. "Akaitwa mwizi, bwenini hakuna aliyekaa naye. Akawa anapanda mnarani kusoma peke yake. Nikamfuata nimwombe anyamaze, nisipoteze cheti na kazi."

"Akasemaje?"

"Akasema kazi nibaki nayo, ila niiambie kamati ukweli, na nimtaje kwenye insha. Hata kwa mstari mmoja, chini kabisa. Lakini ningemtaja, ningebaki na nini? Mwalimu Mwita aliisoma ile insha mbele ya chuo kizima. Ndiyo siku watu walipoanza kunisalimia. Nikamsukuma."

"Alishika reli."

"Na mkono wangu. Nikaukung'uta."

Rhoda akaifungua insha mezani. "Wajane wote uliwataja."

"Wale wako mbali. Sikudhani kuna mtu angewafuata."

Donatus alipopelekwa mahabusu, Rhoda akapiga simu Didia.

"Mama, hakuiba. Yeye ndiye aliyeibiwa. Wala hakujiua. Alisukumwa."

 Upande wa pili kilio kikaanza, chinichini kwanza, halafu kikapanda. Zikasikika sauti za wanawake wakija mbio, wakiuliza kuna nini. Wakaambiwa. Wakapokea kilio.

Rhoda hakuikata simu. Alifunga mlango wa ofisi, akaiweka mezani, akakaa akiwasikiliza mpaka salio likaisha.