Skuta Inayovuja Ikitaka

Alfajiri, mikate ya kwanza ilipotoka kwenye oveni, Mama Mikate aliinusa. Alichukua mmoja, akaunusa juu, akaupindua, akaunusa na chini. Ulinukia mkate. Akaipanga yote kwenye sanduku la mbao na kuifunika kwa kitambaa cheupe. Mumewe akalifunga sanduku nyuma ya skuta, akaondoka kwenda hospitali.

Baada ya muda alirudi. Mikate yote ilikuwa bado ndani ya sanduku.

"Wamesemaje?" mkewe aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Petroli," alisema mumewe.

Mume huyu alikuwa fundi wa saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Skuta ile aliirithi kwa baba yake. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao, lakini rangi yake iling'aa kama kikombe kipya, kwa sababu Fundi Saa aliifuta kila jioni kwa kitambaa laini. Mkewe alizoea kusema kwamba angezaliwa skuta angepata mapenzi zaidi.

Tabu ilikuwa moja. Skuta ilivuja petroli, na haikuvuja kila siku. Siku nyingine mikate ilifika salama, siku nyingine ilifika ikinuka kama gereji. Tangi la skuta lipo chini ya kiti, na sanduku lilifungwa nyuma ya kiti hichohicho. Mvuke wa petroli ulipanda ukaingia kwenye mbao na kitambaa, na mkate wa moto ukaunyonya.

Mpishi mkuu wa hospitali hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alimwambia Fundi Saa kwamba mikate ikinuka tena mara moja tu, atatafuta mwokaji mwingine. Hospitali ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya mikate yao. Bila hospitali, hapakuwa na sababu ya kuwasha oveni.

"Uza hiyo skuta," alisema Mama Mikate.

Fundi Saa alijibu kwamba ataipeleka tena kwa makanika. Mkewe akamuuliza hiyo itakuwa mara ya ngapi. Makanika alikwisha badilisha mpira wa petroli. Alikwisha badilisha koki. Alikwisha fungua kabureta na kuisafisha mpaka ndani. Kila mara skuta ilirudi nyumbani kavu, ikatulia kidogo, kisha ikaanza upya.

"Mimi sijui tena," alisema Fundi Saa. "Inavuja ikitaka."

Skuta ilikuwa imesimama kwenye korido, karibu na mlango wa jiko, kwa sababu mwenyewe aliogopa mvua isiiharibu rangi. Korido ilikuwa na giza. Fundi Saa aliinama, akachungulia chini ya kiti, hakuona kitu. Akanyoosha mkono kuchukua kiberiti. Hakufika mbali. Mama Mikate alimpiga mkono kwa mwiko wa mti, na kiberiti kikaanguka.

"Unatafuta panapovuja au unatafuta kaburi?" alimuuliza.

Mwanamume akasugua mkono wake. Alijua amekosea, na hilo lilimkera zaidi kuliko mwiko.

Aliamua kuiandaa skuta kwa safari ya kwa makanika. Kwanza aliifuta yote, juu na chini. Kisha akaleta dumu na kipande cha mpira, akafungua kifuniko cha tangi, akaingiza mpira, akaanza kuvuta petroli kwa mdomo.

Hapo ndipo shangazi yake alipoingia.

Shangazi huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake. Alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta, akijaza matangi ya watu, mpaka alipostaafu. Sauti yake ilizoea kushindana na injini za malori, na hata ndani ya nyumba hakuipunguza. Aliona mpira mdomoni, akaona dumu, akaona mlango wa jiko ulio wazi na oveni yenye moto.

"Toa huo mpira," alisema. "Ukimeza hicho kitu na kikaingia kwenye mapafu, hiyo hospitali yenu itakupokea wewe badala ya mikate."

Aliwaamuru waitoe skuta nje, mbali na moto, pamoja na dumu. Waliitoa. Ndipo akauliza kuna nini, na mume na mke wakaeleza kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Shangazi akanyoosha kiganja.

"Mmoja mmoja. Inavuja lini?"

"Ikitaka, shangazi," alisema Fundi Saa.

"Chuma hakina kutaka. Inavuja ukiwa umefanya nini?"

Fundi Saa alisema hafanyi lolote. Mama Mikate akafikiri, kisha akasema kwamba harufu huanza mumewe akitoka kituo cha mafuta. Mumewe akapinga. Mbona juzi alitoka kituoni na mikate ya kesho yake haikunuka? Shangazi akamuuliza juzi aliweka kiasi gani. Akajibu kwamba siku hiyo pampu iliishiwa, akapata nusu tangi tu.

"Na siku nyingine?"

"Najaza mpaka mdomoni, kama jana jioni. Sipendi kupanga foleni kila mara."

Shangazi akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Alitaka kujua skuta huenda kwa makanika ikiwa na petroli kiasi gani.

Fundi Saa akaanza kukaza mfuniko wa dumu, ingawa ulikuwa umekwisha kazwa. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Anaikamua yote kwanza, shangazi. Anabakiza ya kufikia gereji tu. Anasema vijana wa gereji watamwibia."

"Na kuifuta?"

"Lazima aifute. Anasema hawezi kupeleka skuta chafu mbele za watu."

Shangazi alikaa kwenye kizingiti. Alionekana kuchoka ghafla. Alisema kwamba kama tangi linavuja likijaa tu, basi tundu liko juu, mahali ambapo petroli hufika siku ya kujaza peke yake. Ukitumia petroli kidogo, inashuka chini ya tundu na uvujaji unakoma. Fundi Saa alikuwa akiipunguza petroli, kisha anafuta kila alama ya unyevu, kisha anamdai makanika aone kitu ambacho yeye mwenyewe amekiondoa.

"Ungekuwa mgonjwa," alisema, "ungepona mlangoni kwa daktari na kuugua ukirudi kitandani."

Petroli ya dumu ilirudishwa kwenye tangi, na siku hiyo skuta ilikwenda gereji ikiwa imejaa. Shangazi hakuruhusu iwashwe. Fundi Saa aliisukuma kwa mkono mtaa baada ya mtaa, huku shangazi akitembea nyuma na kumwonya kila mvuta sigara akae mbali. Mama Mikate alifuata na mfuko mdogo wa unga wa ngano, kama shangazi alivyomwagiza.

Makanika aliposikia kisa chote hakucheka.

"Nimefungua kabureta yako mpaka naiota," alisema. "Kumbe ulikuwa unaniletea tangi tupu kwa sababu mimi ni mwizi."

Fundi Saa alimwomba radhi. Haikuwa rahisi kwake, na sauti ilitoka ndogo. Makanika alimwacha asimame kidogo na aibu yake, kisha akachukua spana.

Waliiweka skuta kivulini, mahali penye hewa, injini ikiwa baridi. Makanika aliondoa kiti, akakausha sehemu ya juu ya tangi, akanyunyiza unga mwembamba kuzunguka shingo yake. Akaitikisa skuta polepole. Wakangoja. Upande wa nyuma wa shingo, mahali palipofichwa na chuma cha kiti, unga ulianza kulowa. Makanika alipoupangusa waliona ufa mwembamba kama unywele. Petroli ilitokea hapo, ikatiririka ndani ya bodi, ikadondokea karibu na koki na kabureta. Ndiyo maana siku zote koki na kabureta vililaumiwa.

Makanika hakusogeza moto karibu na tangi. Alieleza kwamba tangi lililoondolewa petroli bado lina mvuke, na mvuke huo ndio unaolipuka. Aliikamua petroli, akalitoa tangi, akaliosha kwa maji ya moto na sabuni tena na tena, akaliacha wazi juani mpaka harufu ikaisha. Kisha akaziba ufa kwa gundi maalumu ya matangi, inayostahimili petroli. Ilipokauka alijaza tangi mpaka mdomoni kwa makusudi, akanyunyiza unga tena. Unga ulibaki mkavu. Ndipo akapunguza petroli, akamwambia Fundi Saa asijaze tena mpaka shingoni, kwa sababu petroli huvimba kwenye joto na huhitaji nafasi.

Muda wote huo mume na mke walibeba mikate kwa miguu, ndani ya vikapu.

Skuta iliporudi haikuingia koridoni. Fundi Saa alijenga kibanda cha bati nje, mbali na jiko. Koki aliifunga kila aliposimama. Sanduku la zamani lilikuwa limenyonya petroli mno, hivyo Mama Mikate alitengenezesha jipya.

Safari ya kwanza alikwenda mwenyewe, amepanda nyuma ya mumewe. Fundi Saa alibaki langoni. Hakuwa na ujasiri wa kuingia.

Jikoni, mpishi mkuu alichukua mkate mmoja. Akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu akiwa amesimama. Mama Mikate alishikilia kitambaa chake kwa mikono miwili.

Alipotoka, mumewe alimsoma usoni, hakuelewa.

"Amesemaje?"

"Amelalamika."

Fundi Saa alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akashika kichwa.

"Anasema chumvi haitoshi," alisema mkewe, akaanza kucheka. "Na kesho anataka mikate kumi zaidi."