Unyayo wa Fakihi

Unyayo ulikuwa mmoja tu, wa kulia, na ulikuwa unaingia.

Mwishehe aliusimamia, ufagio wa chelewa mkononi, akacheka. Uwanja ameufagia mwenyewe sasa hivi, mistari ya chelewa imelala kama nywele zilizochanwa, na katikati ya mistari mguu mmoja peku umekanyaga, vidole vyote vitano vikielekea nyumba. Wa kushoto hakuna. Nyuma yake hakuna kitu, mbele yake hakuna kitu.

"Nani huyo anayeruka kwa mguu mmoja alfajiri yote hii?" akapiga kelele. "Njoo uruke na huku, mie nikupe wa pili!"

Ndivyo alivyokuwa. Shule aliiacha darasa la nne, na ukimuuliza atakwambia shule ndiyo iliyomkimbia. Alikuwa fundi baiskeli, na Kinondoni nzima ilijua hakuna fundi kama yeye, maana yeye mwenyewe hakuchoka kuitangazia. Akaufuta ule unyayo kwa ufagio, akaenda kunywa uji.

Lakini uji aliuacha nusu. Kuna jambo alikuwa analijua peke yake, lina mwezi na nusu.

Kaka yake, Fakihi, alikuwa amechaguliwa na serikali kwenda kusoma chuo kikuu Uingereza. Wa kwanza mtaani, mwaka ule wa hamsini na moja. Siku ya kuondoka uwanja ulijaa watu: wanaolia, wanaoomba dua, wanaokula tu. Mama yao, Bi Mwanakombo, akamshika Mwishehe sikio.

"We baba, kazi yako moja. Kaka yako akivuka kizingiti, zoa mchanga wa unyayo wake wa kulia kabla mtu hajaukanyaga. Uniletee niufunge."

Ndiyo desturi ya nyumba ile tangu bibi zao. Mchanga wa unyayo wa msafiri hufungwa kwenye kipande cha kaniki, ukatajiwa jina lake, ukatundikwa juu ya mlango. Hata akienda wapi, mguu wake unaijua njia ya kurudi.

Kazi moja tu. Na Mwishehe, badala ya kukaa kizingitini, alikuwa barabarani anawaeleza wasichana jinsi lori linavyofanya kazi. Alipokumbuka, kaka ameshapanda, lori limeshatoka, uwanja umevurugwa kama umechezewa ngoma. Ila pale kizingitini palibaki unyayo mmoja safi, wa kulia, umekaa peke yake kana kwamba watu wote waliuzunguka.

"Huu hapa wa kaka!" akajitapa. "Naujua kama kiganja changu." Akazoa, akampa mama, mama akafunga, akataja: Fakihi.

Jioni ndipo alipokumbuka. Unyayo ule ulikuwa wa mguu peku. Na Fakihi aliondoka na viatu vyeusi vya ngozi, vya Mhindi wa Kariakoo, vilivyokuwa vinalia kwi-kwi kila hatua.

Akajiambia: mchanga ni mchanga tu. Akalala.

Barua ya kwanza ilifika mwisho wa Oktoba, ikawachekesha. Fakihi aliandika kwamba Waingereza wanachemsha kabichi mpaka linaomba radhi, na kwamba bwenini analala na soksi. Ya pili haikuchekesha sana. "Mama, mguu wangu wa kulia umekufa ganzi tangu nifike. Daktari kautazama, anasema mzima. Nikiukanyaga sisikii sakafu."

Mwishehe ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti. Sentensi ile aliiruka.

Maana unyayo nao ulikuwa unasogea. Wiki hii katikati ya uwanja, wiki ijayo chini ya baraza, kisha juu ya baraza penyewe, kwenye sementi, alama ya unyevu isiyokauka hata kwa jua la saa sita. Na saa sita ndiyo ilikuwa saa yake. Kuku wananyamaza, majirani wamejifungia ndani, halafu unasikia, tii. Kimya. Tii. Kitu kinaruka kwa mguu mmoja polepole kuizunguka nyumba, na harufu inakitangulia, harufu ya mchanga wa pwani uliolowa pamoja na udi uliozimwa kwa maji.

Siku moja Mwishehe alirudi mchana kuchukua spana, akamkuta mama yake mlangoni pa chumba cha Fakihi na sahani ya pili ya wali. Anatabasamu.

"Mama, unampa nani?"

"Shh. Kaka yako anakula."

"Kaka yuko Uingereza, mama."

"Mguu wake umerudi kunisalimia. Si ndiyo kazi ya kaniki?" Akashusha sauti. "Ananiita kabisa, Mwishehe. Sauti yake ileile."

Ndani ya chumba, kijiko kiligonga sahani.

Barua ya tatu ilikuja Januari, maandishi yamepinda. "Huku theluji imeanguka, ni kama unga umemwagwa nchi nzima. Nimetembea juu yake, nikageuka nyuma kutazama nyayo zangu. Wa kushoto upo. Wa kulia haupo, mama. Wenzangu wanacheka, wanasema labda mie mwepesi. Mama, nina mdogo wangu mmoja, fundi. Jina lake linanitoka. Mniandikie anaitwa nani."

Hapo Mwishehe akapanda baiskeli mpaka Kawe, akamleta Bi Mauwa nyuma kwenye keria. Bi Mauwa alikuwa mganga wa mashetani, mama mnene mwenye ulimi mkali, na njia nzima alimtukana kwa kila shimo. Lakini walipofika uwanjani alinyamaza, akagoma kushuka.

"Nani alizoa?"

"Mie, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mwenye safari aliondoka peku au na viatu?"

Mama akamgeukia mwanawe. Mwishehe akatazama pedeli.

"Na viatu," akasema.

Bi Mwanakombo akakaa chini palepale.

"Sasa sikilizeni," Bi Mauwa akanong'ona, jasho likimtiririka. "Kulikuwa na shetani peku nyuma yake siku ile. Labda alikuwa anapita tu. Nyie mkamfunga mlangoni kwenu kwa jina la mtoto. Anakula kwa jina lile, anaota mwili kwa jina lile. Siwezi kumfukuza. Nimwite nani atoke? Nikisema 'Fakihi, toka,' anayetoka ni nani?"

"Hakuna dawa, bibi?"

"Ipo moja, nyembamba. Muandikie kaka yako apake wino miguuni, akanyage karatasi, ailete kwa posta. Nyayo zote mbili. Zikifika zote mbili tutazifunga pamoja, mwenye kitu atarudishiwa kitu chake. Lakini barua uifungulie huko huko posta. Ukikuta unyayo mmoja, ichome hapo hapo. Usiifikishe uwanja huu. Huyu wa kulia anao. Anangoja wa kushoto."

Hata maji hakunywa. Alirudi Kawe kwa miguu.

Mwishehe aliandika usiku uleule, na wiki tatu alikuwa kila siku posta. Bahasha ilipofika, nene, aliishika akahisi karatasi ngumu ndani yake, na moyo ukamruka kwa furaha. Akaitia mfukoni. Aifungue posta, mbele ya nani? Mtaa mzima ulishanong'ona kwamba yeye ndiye aliyemponza kaka yake. Basi mtaa mzima uone anavyomponya. Akapiga kengele ya baiskeli tangu njia panda, akawaita majirani uwanjani, akasimama barazani kama bwana harusi, akachana bahasha.

Unyayo ulikuwa mmoja, wa wino mweusi, wa kushoto.

Chini yake maandishi machache: "Wa kulia nimeukanyaga mara saba, karatasi inabaki nyeupe. Mdogo wangu, ninaogopa."

Mwishehe alitaka kuirudisha karatasi bahashani, akatazama, na wino ulikuwa unatoka, unafifia kuanzia kisigino kwenda vidoleni, taratibu, kama maji yanavyonyweka mchangani, kidole kimoja kikabaki, kisha nacho kikaenda, na karatasi ikawa nyeupe, na nyuma yake, ndani ya nyumba, ile tii aliyoizoea miezi yote haikuja, zikaja hatua mbili, tatu, nne, hatua za mtu mzima anayetembea vizuri kwa miguu yake miwili kutoka chumbani mpaka sebuleni, zikasimama nyuma ya pazia.

Majirani waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Toka siku ile Bi Mwanakombo akawa na afya, maneno ya Bi Mauwa kayasahau yote. Anaimba akipika. Anafua mashati ya Fakihi na kuyaanika, na mashati yanachafuka tena. Mwishehe analala kwenye kibanda chake cha baiskeli, na asubuhi akienda kufagia anakuta nyayo mbili mbili, zinazotoka na kuingia.

Simu ya maandishi ilikuja kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa kwa Kiingereza. Polikarpo, karani wa posta, alimsomea mara mbili, ya pili polepole. Chuo kinasikitika. Mwanafunzi wao hajaonekana tangu tarehe kumi na nne. Wamefuata alama zake kwenye theluji, mguu mmoja tu, mpaka katikati ya kiwanja, zikaishia hapo.

Tarehe kumi na nne ndiyo ile ya bahasha.

Alifika nyumbani saa sita, anasukuma baiskeli kwa mkono. Mama yake alikuwa kizingitini anachagua mchele, na juu ya kichwa chake kaniki ilikuwa inadondosha maji tone kwa tone.

"Wamesemaje, baba?"

Mwishehe alifungua mdomo. Maisha yake yote maneno hayakuwahi kumpungukia.

"Kaka hajambo, mama. Anakusalimia sana."

Ndani, nyuma ya pazia, mtu akacheka kidogo, kwa upole, kama kaka anavyomcheka mdogo wake.

"Muongo wewe tangu utotoni," sauti ya Fakihi ikasema. "Mwambie mama ukweli, Mwishehe. Mwambie nimeshafika."