Aliniachia Ile Kubwa

Nina miaka thelathini na sita, na kazi yangu siku hizi ni kufulia watu nguo. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma bado... Kabla ya sabuni nilikuwa mpiga picha, na mzuri! Picha zangu ziko kwa kuta za nyumba nyingi, kutoka hapa Laini Saba, Kibera, hadi Gatina kule Kawangware. Lakini uliza wenye nyumba ni nani alizipiga, watakutajia mwanamume. Na mwanamume huyo hakupiga hata moja!

Nitawaeleza polepole, maana hata kukasirika nimechoka.

Naitwa Khasandi, mzaliwa wa Vihiga. Nilipokuja Nairobi nililea watoto wa mama mmoja Lavington, na alipohama nchi akanipa kamera yake. Ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa aproni. Lenzi yake ni moja tu, haitoki wala haivuti kitu cha mbali. Ukitaka uso wa mtu, miguu yako ndiyo itakupeleka. Nilijifunza kusogea hadi nimsikie bibi harusi akipumua. Na kwa vile lenzi ile inachukua mahali papana, mashangazi, viatu, sufuria za pilau, vyote vilikuwa ndani. Niliipenda hiyo kamera, Mungu anajua.

Shida ilikuwa macho ya watu. Siku moja nilifika kwa harusi Gatina, shangazi wa bwana harusi akaniangalia mkono, akacheka mbele ya wageni. Akauliza kama hiyo ni kamera ama ni kitu ya kuchezea mtoto. "Tulisema tunataka fotografa! Sio huyu!" Nilirudi nyumbani kama mtu aliyefumaniwa akidoea chakula.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi...

Nilikuwa naishi na Ochi, kijana mrefu wa Siaya, mcheshi, mdomo asali tupu. Hatukuwa tumefunga ndoa. Kila nikimuuliza, alinitania: "Sasa tukifunga, nani atatupiga picha?" Nami nilikuwa nacheka. Ujinga ulioje!

Kwa fundi wa redio kando ya reli tuliona kamera kubwa, zile za kuning'inia kifuani. Ilikuwa imekufa kitambo, iliingia maji. Taa yake ya juu tu ndiyo ilikuwa hai. Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia. Ochi aivae, asimame mbele, awashe taa, awapange watu kwa kelele zake. Mimi nipite chini kwa chini na ile ndogo, nipige picha za kweli.

Na ilifaulu! "Mathe, cheka kidogo! Wewe wa tai, ingia ndani!" Taa ikiwaka, watu wanatabasamu. Wote walimwangalia yeye, hakuna aliyejikaza kwa ajili yangu, na picha zikatoka tamu kuliko zote nilizowahi kupiga. Siku hiyo mimi na Ochi tulicheka hadi machozi.

Basi watu wakaanza kumwita Fotografa. Mimi nikawa "yule wa kubeba begi." Albamu alizipeleka yeye, maana alijua kuongea. Shukrani akapokea yeye. Nilijiambia haidhuru, si ni nyumba moja?

Kisha kanisa moja kubwa la Gatina likatafuta mtu wa kupiga picha za harusi zake zote. Tukaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti akauliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, Ochi akajibu: "Huyu ni msaidizi wangu. Ananishikia vitu."

Wasomaji, ningesema nini? Ningesema ile kamera iliyo kifuani mwake ni maiti? Tungeitwa matapeli sote wawili. Nilitabasamu tu.

Nyumbani nililia. Ochi hata viatu hakuvua. "Si ni wewe ulipanga?" akaniuliza. Na kweli, ni mimi niliyepanga.

Baadaye akaanza kuazima ile ndogo, eti ajifunze. Nikamfundisha! Nilimshika mkono nikamwonyesha jinsi ya kusogea, jinsi ya kungoja uso ulegee. Kumbe mazoezi yote alikuwa anamfanyia msichana mmoja wa kwaya, huko huko Gatina...

Mama yangu akaugua, nikaenda Vihiga kumuuguza. Niliporudi, nguo za Ochi hakuna. Redio hakuna. Kamera yangu hakuna, wala kadi zenye picha zangu zote. Kwenye msumari ukutani ilining'inia ile kubwa, tena amenipangusia vumbi!

Nililia kwa sauti hadi jirani yangu Mama Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwa, akaja mbio. Alinishika mabega, akaangalia nyumba, akaangalia ukuta, kisha akanifariji kwa moyo safi kabisa: "Yawa, pole nyathina, pole mwanangu. Lakini angalau amekuachia ile kubwa."

Mnaujua uchungu wa kufarijiwa hivyo?

Nilienda Gatina kwa miguu kumwona mwenyekiti, nikamweleza yote. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Ochi alikuwa ameshafika kabla yangu na maneno yake: tumeachana kwa amani, na kwa huruma ameniachia kamera ya bei, yeye akabaki na kale kadogo. "Dada, wivu utakuua," mwenyekiti akaniambia. "Mtu amekuachia chombo cha kazi. Nenda ufanye kazi."

Nilifanya, ndiyo. Ya kufua. Nilirudi Lavington nyumba kwa nyumba, mgongo unaniwaka, vidole vimekunjamana. Ile kubwa ilibaki msumarini kwa sababu sikuwa hata na nguvu ya kuitupa.

Siku moja ya mvua nilikuwa kwa Mama Atieno, tukichambua omena. Ukutani kwake kuna picha ya harusi ya binti yake. Niliipiga mimi, nimepiga magoti kwenye matope. Mama Atieno aliinuka kuifuta kwa leso, huku akilalamika kwamba siku hizi Ochi ameharibika, anakata watu vichwa kwa picha. Mara leso ikasimama. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kona.

"Khasandi... huyu si Ochi?"

Nikatazama. Pale nyuma ya shangazi mnene, Ochi amesimama na ile kubwa jichoni, taa imewaka. Lenzi yangu ilikuwa imemchukua na yeye pamoja na wengine wote.

"Sasa kama Ochi ako hapa ndani," akauliza polepole, "nani alipiga?"

Aliniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. "Yawa! Na mimi nikakwambia ati amekuachia kubwa!" Akaketi chini, tukalia pamoja juu ya omena.

Kazi ya kanisa sijarudishiwa. Kamera yangu sijaiona tena. Ochi amefunga ndoa na yule wa kwaya, na sijui ni nani aliwapiga picha.

Dada zangu, na nyinyi kaka pia, nawasihi mnaosoma haya... Usimvalishe mtu mwingine kazi yako, hata kama mnalala kitanda kimoja! Watu wakikicheka chombo chako kidogo, waache wacheke, lakini ukishike wewe mwenyewe na mbele ya macho yao. Mimi niliogopa kuchekwa siku moja, nikapoteza jina langu.

Juzi nikiwa na beseni, msichana wa Soweto East, hapa hapa Kibera, alikuja kubisha. Anaolewa. Alisema Mama Atieno ndiye aliyemwelekeza, na anamtafuta yule mtu aliyempiga Ochi picha. Macho yake yakaenda kwenye ile kubwa msumarini. Nikamwambia mapema: hiyo ilikufa zamani, na sina nyingine.

Akatoa simu yake. "Basi tutatumia hii. Ni wewe ama si wewe?"

Nikafuta povu mikononi.

"Ni mimi."