Hodi ya Arobaini na Moja

Kihamishi kilipanda ngazi za Jengo la Usumba taratibu, kwa miguu sita yenye soli za mpira, kikasimama mbele ya mlango wa Mzee Sempombe, ghorofa ya pili. Kimo chake kilikuwa cha kabati la nguo. Kifuani kilikunja mikono minane iliyoweza kufungasha nyumba nzima kwa dakika kumi na tisa, mpaka kijiko cha mwisho, na kisivunje hata kikombe. Lakini mlango hakikuugusa. Kilirudi nyuma hatua moja, kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake, kikasema:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, changamfu, yenye pumzi nzito kidogo, kama ya mtu aliyebeba kitu mikononi.

"Karibu! Karibu mwanangu!" aliitikia Mzee Sempombe kutoka ndani, na mlango ukafunguka wenyewe.

Tunu alikuwa anapanda ngazi hizo hizo, mkoba begani, hatua chache nyuma ya ile mashine. Aliganda pale pale, mkono kwenye ukuta. Ile sauti ilikuwa yake.

Kwa asiyeijua Tanga ya mwaka 2093, mambo yalikuwa hivi. Kila mlango ulikuwa na sikio, kidude kama kifungo cha koti, kilichosikiliza neno moja tu: karibu. Mwenye nyumba akilitamka, mlango unafunguka. Na ilikuwepo Sheria ya Kizingiti, iliyokataza mashine yoyote kuvuka mlango wa mtu pasipo kukaribishwa kwa kinywa chake. Mashine ilipiga hodi mara tatu. Ikinyamaziwa, iende zake, kama sisi wenyewe tulivyolelewa. Tena sheria hiyo ilipiga marufuku sauti za kupikwa milangoni, zile zinazotungwa na mitambo, kwa sababu miaka ya nyuma matapeli walikuwa wakipika sauti za marehemu na kubisha nazo kwa wajane. Mashine ya mlangoni ilitakiwa iseme kwa sauti mbichi, iliyotoka kwenye koo la mtu hai aliyetia saini. Ndiyo maana, katika mji ambao mitambo ilikuwa imechukua karibu kila kazi, kibarua wa sauti bado alikuwa na pa kula.

Sheria nzuri, eeh? Basi kampuni ya Hamisha Salama iliisoma kwa jicho lake. Jengo la Usumba lilitakiwa libomolewe, ipite njia ya treni ya sumaku, na wakazi wahamie Mnara wa Pongwe. Waliokataa hawakuweza kutolewa kwa nguvu. Lakini kampuni ilisema kwamba anayekaribisha kihamishi amekubali kuhama. Karibu ni karibu, wakasema. Wakazi wakajifunza kunyamaza.

Mzee Sempombe alitoka nje akiwa na redio yake kwapani, amechanganyikiwa, huku nyuma yake vyombo vikiingia masandukuni. Akamwona Tunu.

"Tunu, mwanangu! Si wewe uliyekuwa unapiga hodi?"

"Hapana, mzee wangu," alisema Tunu. "Mimi ndiyo kwanza napanda."

Wala hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alipita, akaendelea kupanda mpaka ghorofa ya tatu, kwa shangazi yake.

Shangazi huyo, Bi Mwanaate, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka ishirini na minane, mpaka sauti ya kupikwa ilipochukua kipaza sauti chake. Tunu alipotaka kuwa kibarua wa sauti, wengine walimcheka. Shangazi hakucheka. Alimfungulia kabati lake la nguo.

"Ingia humu," alisema. "Studio za watu zina magodoro ukutani. Wewe una kanga zangu. Mwangwi utapita wapi?"

Kwa hiyo Tunu alianza kazi akiwa amechuchumaa ndani ya kabati lililonuka karafuu, kinasa sauti juu ya sanduku la viatu. Alijifunza kunywa maji ya uvuguvugu na kuacha maziwa siku ya kurekodi. Alijifunza kutomeza miisho ya maneno, na kutabasamu hata asipoonekana, kwa sababu tabasamu husikika. Alitengeneza sampuli tano: tangazo la sabuni, hadithi ya watoto, maelezo ya dawa, salamu ya ofisini, na taarifa ya hali ya hewa. Akaziweka kwenye Soko la Sauti, ambako wateja walisikiliza maelfu ya sauti na kuchagua. Kwa miezi saba aliandikiwa jibu moja tu: ahsante, tumepata mwingine. Wakati mwingine hata ahsante haikuwepo.

Mwezi wa nane akapigiwa na Dafroza, dalali wa sauti.

"Dada Tunu, nina mteja anataka hodi arobaini."

"Hodi tu?"

"Hodi tu. Lakini hataki hodi ya afisa, wala ya mpeleka barua. Anataka hodi ya mtu anayesubiriwa kwa hamu. Utaweza?"

"Nitaweza. Ni ya kazi gani?"

"Ya mlangoni, dada. Hodi ingekuwa ya wapi?" Dafroza alicheka. "Saini basi, kuna wengine kumi na wanne wanaingoja."

Tunu alikuwa na swali la pili ulimini, akalimeza. Akasaini. Shangazi alipouliza, alimwambia ni ya mashine za kupeleka chakula majumbani. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alikisia, na kisio lile likampendeza, akalishika.

Hodi za mwanzo zilimshinda. Bi Mwanaate, aliyekaa kitandani nje ya kabati, alitikisa kichwa.

"Unapiga hodi kama askari. Mtu anakuja kwangu kunikamata? Haya, subiri." Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la vitumbua vya moto. "Shika hili. Mikono miwili. Sasa wewe si mfanyakazi wa mtu, wewe ni Tunu, umeniletea vitumbua, na bakuli linakuunguza. Piga hodi."

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu!" aliitikia Bi Mwanaate kwa sauti yote, kwa mazoea tu, na kinasa sauti kikainasa na ile karibu. Hodi ikaharibika. Walicheka mpaka Tunu akatoka kabatini machozi yakimtoka, wakala kitumbua kimoja kimoja, ndipo wakarudia. Ile iliyorudiwa ndiyo aliyoipenda mteja kuliko zile nyingine thelathini na tisa.

Na ndiyo aliyoisikia leo kwenye mlango wa Mzee Sempombe.

"Kuna kelele gani huko chini?" aliuliza shangazi.

"Wanamhamisha Mzee Sempombe."

"Sempombe? Haiwezekani! Jana tumekunywa kahawa hapa hapa, akaapa kwamba atatolewa maiti." Bi Mwanaate alishika kiuno. "Wamempataje?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: shangazi, wanatumia sauti yangu, usiitikie. Lakini asubuhi ile Dafroza alikuwa amepiga tena. Maneno mia mbili safari hii, studio ya kweli, na jina la Tunu kupandishwa juu kabisa kwenye Soko la Sauti. Kulikuwa na sharti: kibarua akitoboa siri ya mteja, jina lake linafutwa sokoni, asiajiriwe tena na yeyote. Tunu aliyakumbuka yale majibu ya miezi saba. Akajiambia kwamba shangazi si mtu wa kudanganyika. Vihamishi kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha kufika pale, na vyote alivinyamazia huku anakunywa kahawa yake na kashata.

"Sijui," alisema. Akanywa maji ya uvuguvugu, akaingia kabatini kufanya mazoezi.

Haki ya Mungu, sauti haikutoka vizuri siku ile. Kila alipofumba macho alimwona mzee na redio yake. Alijiona mchafu, na bado alirekodi.

Siku tisa baadaye, Alhamisi, alikuwa kwenye studio ya Dafroza, kwenye kiti cha kuzunguka, mbele ya kioo. Alitamka pole kwa namna kumi na mbili, akacheka kwa namna tano. Walimpigia makofi. Mchana akaenda moja kwa moja kwa shangazi, maana walikuwa wameahidiana kula pamoja.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu. Pale lilipokuwa kabati zilibaki alama nne za miguu yake sakafuni, na harufu ya karafuu.

Tunu alibonyeza sikio la mlango, ambalo kwa sheria lilihifadhi ukaribisho wa mwisho pamoja na hodi yake. Likamsomea bila haya:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu. Mbona leo umewahi?"

Alikaa chini pale mlangoni, akalia mpaka wabomoaji walipomwomba apishe.

Ilimchukua siku tatu kupata uso wa kwenda Pongwe. Aliamka mapema, akakaanga vitumbua, akavipanga kwenye bakuli. Ghorofa ya thelathini na moja, alikohamishiwa shangazi, ilikuwa na ukumbi mrefu, milango arobaini, na kimya. Wote pale walikuwa wamehamishwa kwa namna moja au nyingine. Mtu mmoja alikuwa anabisha mlango wa mwisho, akabisha, akachoka, akaondoka. Humo hodi ilikuwa haijibiwi tena.

Tunu alisimama mbele ya mlango wa shangazi. Sikio la mlango lilikuwa limeng'olewa, shimo lake limezibwa kwa kipande cha kanga.

"Hodi," alisema.

Ndani alisikia kijiko kikiwekwa kwenye kisahani, polepole.

"Hodi, shangazi."

Bakuli lilikuwa linamuunguza viganja.

"Hodi."

Ya tatu hiyo. Ustaarabu ulitaka aondoke. Hakuondoka.

"Nani?" iliuliza sauti kutoka ndani, karibu sana na mlango.

"Mimi, shangazi. Tunu."

"Tunu yupi?"

"Tunu wako. Wa kabatini."

"Na aliyekuja Alhamisi alikuwa wa kabatini vilevile," alisema Bi Mwanaate. "Nilimsikia mpaka bakuli mikononi mwake."

Kila alichokuwa nacho Tunu cha kujitambulisha kilikuwa kimekwisha kuuzwa: kicheko, pole, hata ile pumzi nzito kidogo. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mlango.

"Shangazi, nilijua," alisema, na sauti ikamkatika vibaya, kama sauti ya mtu asiyewahi kufundishwa. "Siku ya Mzee Sempombe nilikuwa kwenye ngazi. Nilijisikia mwenyewe. Akaniuliza, nikakana. Nikapanda kwako, nikanywa maji yako, ukaniuliza wamempataje, nikasema sijui. Nilijua. Niliogopa kukosa kazi."

Nyuma ya mlango wa jirani mtu alikohoa. Kisha Tunu akasikia ndara zikiburuzwa, na komeo la chuma, la kizamani, likivutwa. Mlango ulifunguliwa kwa mkono.

Bi Mwanaate alionekana mfupi kuliko alivyokuwa Usumba. Alimtazama Tunu usoni kwa muda.

"Basi ni wewe," alisema. "Mashine isingelisema hilo."

Akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Ingia."

Tunu alibaki amesimama kizingitini, akilingoja lile neno jingine. Shangazi alikuwa ameshageuka, anakwenda jikoni na vitumbua vyake. Tunu akavua viatu, akaingia bila kukaribishwa.